Mwili Hauzoei Antibiotiki

“Mwili umeshaizoea hiyo dawa.” Kauli hii husikika sana kwenye maduka ya dawa, mteja anapoomba abadilishiwe antibiotiki au dawa ya malaria ambayo safari iliyopita haikumfaa. Inaingia akilini upesi, lakini inamsingizia asiyehusika. Kinachokuwa sugu ni kimelea chenyewe, yaani bakteria au mdudu wa malaria. Mwili wa mgonjwa haumo. Tazama kifua kikuu. Mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha rifampisini anaweza kuambukizwa kwa njia ya hewa na mgonjwa wa kifua kikuu sugu, akaugua ugonjwa ambao rifampisini haiuwezi tangu siku ya kwanza. Mwili wake ungeizoea lini dawa ambayo haujawahi kuionja? Usugu umeingia pamoja na bakteria.

Usugu huo huanzia kwenye kuzaliana. Bakteria aina ya E. coli, akipata chakula na joto linalomfaa, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kila anapogawanyika vinasaba vyake hunakiliwa upya. Katika kunakili, makosa hayakosi. Mengi hayana maana, machache humkinga bakteria dhidi ya dawa fulani. Je, dawa ndiyo inayoyaleta? Mwaka 1952, Joshua na Esther Lederberg wa Marekani walilijibu swali hilo kwa kipande cha mahameli. Walikigandamiza juu ya sahani iliyoota bakteria, kisha wakakigandamiza kwenye sahani nyingine zenye streptomaisini. Bakteria sugu waliota mahali palepale katika sahani zote hizo, na jamaa zao walipatikana mahali hapohapo katika sahani ya kwanza, ambayo haikuwa na dawa kabisa. Kwa hiyo usugu ulikuwepo kabla ya dawa. Kazi ya dawa ilikuwa kuwaua wanyonge na kuwaachia sugu uwanja mzima. Isitoshe, bakteria hupeana vinasaba vya usugu wao kwa wao, hata wakiwa wa aina tofauti.

Wapo watakaosema kwamba mwili huzoea kweli, kwani mgonjwa anayetumia mofini kwa muda mrefu huhitaji kuongezewa kipimo. Ni kweli, na nadhani kosa letu limezaliwa hapo. Lakini mofini hufanya kazi kwenye neva za mgonjwa mwenyewe, na neva hizo ndizo zinazobadilika. Antibiotiki humlenga mgeni aliyeuvamia mwili. Hoja nzito zaidi inatoka Malawi, nchi iliyoacha kutibu malaria kwa klorokwini mwaka 1993 kwa sababu ilikuwa haiponyi tena. Utafiti uliofanywa Blantyre na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba klorokwini ilikuwa imerudisha nguvu zake: kati ya watoto 80 waliofuatiliwa, ilishindwa kwa mmoja tu. Mtu anaweza kudai kwamba miili ya watoto hao ilikuwa haijaizoea. Wanasayansi, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kuvipima vinasaba vya vimelea vyenyewe. Mwaka 1992, asilimia 85 ya vimelea vilikuwa na alama ya usugu. Kufikia mwaka 2000 vilibaki asilimia 13. Waliobadilika ni wadudu.

Kosa hili lina madhara, kwa sababu linaufanya usugu uonekane jambo la mtu binafsi. Asiyependa kumeza dawa hujiona salama, na mwingine hukatiza dozi akidhani anauzuia mwili usizoee, kumbe anavipa nafasi vimelea vilivyosalia. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria sugu. Sasa vimelea vya malaria vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa ya mseto, vimeonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera nchini Tanzania, na mbu hawaulizi nani alikatiza dozi. Usinunue antibiotiki kwa ajili ya mafua, maana mafua huletwa na virusi na antibiotiki haiviui. Ukiandikiwa dawa, itumie kama ulivyoelekezwa na usimgawie jirani. Isipokusaidia, rudi kituoni upimwe, badala ya kujichagulia nyingine yenye nguvu zaidi.