Uzito wa Kuzaliwa na Saa ya Kuzaliwa: Takwimu za Utafiti Huanzia Wodini

Vyuo vikuu vya afya huandaa mara kwa mara warsha za ukusanyaji na uchambuzi wa takwimu za utafiti. Washiriki wengi ni wauguzi, wakunga, matabibu na wanafunzi wa uzamili, na wengi hufika wakitarajia kufundishwa programu ya kompyuta. Programu hufundishika kwa siku mbili. Kazi ngumu zaidi hutangulia kuwashwa kwa kompyuta: mkunga anapousoma mzani, na mama anapoulizwa mtoto wake alizaliwa saa ngapi. Makala haya yanaeleza hasa mambo hayo mawili, uzito na saa, kwa kuwa sisi madaktari wa watoto huyategemea kila siku katika tiba na katika utafiti, na kwa kuwa mama mwenyewe ana sehemu yake katika usahihi wake.

Mtoto anayezaliwa na chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Sasa chukua rejesta ya wodi ya wazazi, uhesabu watoto walioandikwa gramu 2,500 kamili, kisha walioandikwa 2,480 na 2,520. Mara nyingi utakuta safu ya 2,500 imejaa na jirani zake wako wachache. Watoto hawazaliwi hivyo. Kwa mzani unaosoma gramu kumi kumi, namba zinazogawanyika kwa 500 zingetarajiwa kuwa takriban moja katika kila hamsini. Zikionekana moja katika kila tano, basi uzito ulikadiriwa, haukusomwa. Sipendi kuiita tabia hii uvivu. Mzani wa kuning'iniza wenye alama za kila gramu 100 humlazimisha mtu kukadiria, na mkunga aliye peke yake usiku, huku mama mwingine akianza kusukuma kwenye kitanda cha pili, ataandika namba iliyo karibu.

Hata hivyo, mtoto wa gramu 2,460 akiandikwa 2,500 amehamishwa kundi kwa kalamu. Hataangaliwa joto la mwili, unyonyaji na sukari ya damu kwa ukaribu aliostahili. Kwa miaka mingi, katika kukadiria hali ya nchi mbalimbali, UNICEF ilikuwa ikichukua robo ya watoto walioandikwa gramu 2,500 kamili na kuwahesabu miongoni mwa wenye uzito pungufu, ili kufidia makadirio hayo. Marekebisho ya namna hiyo hulisaidia jedwali la taifa zima, lakini hayawezi kumwambia muuguzi wa zamu ni mtoto yupi kati ya wanne waliolala mbele yake. Hapo ndipo mpaka wa uchambuzi ulipo, na ningependa kila mshiriki wa warsha auone mapema.

Ili kuona namba hizi zinaweza kuzaa nini zikitunzwa vizuri, tutazame jaribio kubwa ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Lilifanyika katika hospitali tano, moja katika kila nchi kati ya Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto waliohusishwa walikuwa na uzito wa gramu 1,000 hadi 1,799. Kundi moja liliwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa, kwa njia tunayoiita kangaruu; kundi la pili lilipata huduma ya kawaida ya wakati ule, yaani kangaruu ilisubiri mpaka hali ya mtoto itulie. Ndani ya siku 28, asilimia 12.0 ya watoto wa kundi la kwanza walifariki, na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda uliopangwa kwa sababu manufaa yalikuwa yamekwisha kudhihirika, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto njiti na wenye uzito pungufu waanzishiwe kangaruu mara tu wanapozaliwa.

Tofauti ile ni takriban watoto wanne kwa kila mia. Ni kubwa mno kwa mzazi, lakini kitakwimu ni tofauti inayozama kirahisi. Uzito ndio uliomwingiza mtoto katika jaribio, na saa ndizo zilizoonyesha kama kweli aliwekwa kifuani mapema. Lau uzito ungekadiriwa na saa zikachanganywa, huenda tungekuwa bado tunawasubirisha watoto hao mbali na mama zao.

Kuhusu saa, wasemaji wa Kiswahili tuna tatizo letu ambalo vitabu vya takwimu vilivyoandikwa ughaibuni havilitaji. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, ilhali rejesta za hospitali hufuata mfumo wa saa 24. Mama anasema mtoto alizaliwa saa nane usiku. Mdadisi asiye makini anaandika 08:00, wakati saa sahihi ni 02:00. Saa sita zimepotea. Kwa mtoto wa mwaka mmoja si kitu. Kwa mtoto mwenye manjano ni jambo zito, kwani kiwango cha bilirubini kinachohitaji tiba ya mwanga husomwa kwenye chati kulingana na umri wa mtoto kwa saa.

Tarehe nayo ina mtego wake. Kwa mapokeo ya mwambao, siku huanza jua linapokuchwa, hivyo mzee akisema usiku wa Ijumaa aweza kukusudia usiku ambao hospitali inauita wa Alhamisi. Tukitaka kujua ni watoto wangapi wanaofariki katika saa 24 za kwanza, swali la "alizaliwa lini" halitoshi. Katika warsha mimi huwasihi washiriki waandike saa kama ilivyosemwa, pamoja na neno la wakati alilolitumia mama, iwe usiku wa manane, alfajiri au adhuhuri, kisha kazi ya kubadili waiachie programu. Na wamuulize swali la kuthibitisha: ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri au baada yake? Kulikuwa kumekucha?

Maneno ya kawaida pia hupoteza taarifa. "Una watoto wangapi?" ni swali ambalo mama wengi hulijibu kwa kuwahesabu walio hai, na pengine mtoto wa ndugu anayelelewa nyumbani. Ndiyo maana dodoso za tafiti za kitaifa za afya ya uzazi huuliza hatua kwa hatua: wanaoishi nawe, walio hai lakini wanaishi kwingine, na waliofariki, hata kama waliishi kwa saa chache tu. Neno degedege ni mfano mwingine. Tafiti zilizofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 zilionyesha kuwa jamii ililitambua kama ugonjwa unaojitegemea, wenye asili na waganga wake, wala si lazima ulihusishwe na malaria. Mdadisi anayeuliza kama mtoto alikuwa na malaria kali hujibiwa hapana kwa uaminifu kabisa.

Baada ya hayo ndipo tunafungua kompyuta. Siku hizi wengi hukusanya taarifa kwa vishikwambi, wakitumia programu kama ODK au REDCap, na faida yake ni kubwa. Fomu inaweza kukataa uzito wa gramu 25,000. Haiwezi kukataa 2,500 iliyokadiriwa. Taarifa inayokosekana ipewe alama yake maalumu, na mchambuzi aifahamu alama hiyo kabla hajaanza kuhesabu. Watoto tisa wa gramu 3,000 na wa kumi ambaye hakupimwa, akaandikwa 9999, watatoa wastani wa karibu gramu 3,700, na kompyuta haitalalamika. Wala makosa haya si ya nchi maskini peke yake. Mwaka 2020, kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, majibu chanya 15,841 ya UVIKO-19 huko Uingereza hayakuingia katika takwimu kwa wakati, kwa kuwa majedwali yalihifadhiwa katika muundo wa zamani wa Excel usiopokea zaidi ya mistari 65,536. Watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa.

Linabaki suala la mama anayeulizwa. Mwanamke aliyejifungua saa moja iliyopita, aliyechoka na mwenye maumivu, si rahisi atoe ridhaa ya kweli. Inapowezekana aelezwe utafiti kliniki kabla ya uchungu, kisha aulizwe tena. Ana haki ya kukataa, na huduma yake isipungue hata kidogo. Tafiti za afya hupitiwa na kamati za maadili, na nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu pia mtafiti. Jina lake litenganishwe na majibu yake, liwekwe namba badala yake, na orodha inayounganisha viwili hivyo ifungiwe mahali pake. Akisema "sikumbuki", liandikwe hivyo hivyo. Mdadisi anayemsukuma mpaka ataje saa yoyote ameondoka na saa ya kubuni.

Kwa upande wake, mama asione haya kusikiliza uzito unapotajwa na kuomba usomwe kwa sauti, kisha auangalie kwenye kadi ya kliniki ya mtoto kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Akiona tofauti, aseme siku ile ile, kwa maana mtoto aweza kupimwa upya, na uzito wa siku za mwanzo hushuka upesi. Mkunga naye anaposahihisha asifute wala kupaka rangi nyeupe. Akate namba ya kwanza kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, aandike sahihi pembeni, atie tarehe, saa na saini yake.