Bampa nzito ya pikapu: faida yake, hatari yake



Mara nyingi dereva huja karakana na kusema: "Nifungieni bampa ya nguvu, nipate kupumzika." Neno hilo lina haki ndani yake, na lina hatari ndani yake. Leo tuliangalie pande zote mbili.

Haki yake inajulikana na kila mtu aendeshaye gari huku kwetu. Mvua ikinyesha, njia ya kwenda Manguredjipa hugeuka uji mwekundu. Kati ya Beni na Kasindi tunapishana na malori makubwa yanayoleta mizigo ya bandari ya Mombasa. Bampa iliyotoka kiwandani ni bati jepesi au plastiki. Ikigusa gogo moja tu, inapinda na kuingia kwenye tairi, na safari inaishia hapo. Bampa ya chuma hulinda taa na rejeta dhidi ya vijigongo vidogo, na hubeba winchi ya kujivuta matopeni. Hayo yote ni kweli.

Lakini wengi wanasadiki kwamba chuma kikiwa kizito zaidi, watu walio ndani ya gari watakuwa salama zaidi. Hapo ndipo tunapokosea. Gari linapogonga kitu kigumu, sharti mwendo wake uishie mahali fulani. Bati la mbele linapojikunja, linakula sehemu ya mwendo huo. Tufanye hesabu ya shule. Gari linakwenda kilometa 40 kwa saa, likagonga ukuta, na mbele yake pakajikunja nusu mita. Mtu wa kilo 70 aliyefunga mkanda atavutwa na mkanda wake kwa nguvu ya karibu kilo 900. Sasa mbele pawe pagumu, pajikunje sentimeta 20 tu. Nguvu hiyo inapita kilo 2,000. Gari litaonekana zima, lakini mbavu za dereva ndizo zilizofanya kazi ya bati. Na kama gari lina mifuko ya hewa, bampa isiyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo inaweza kufanya mifuko ifunguke kwa kuchelewa, au ifunguke pasipo sababu.

Yuko pia mtu aliye nje. Angalieni barabara ya katikati ya mji wa Butembo saa kumi na mbili asubuhi: wanafunzi, akina mama na mizigo yao mgongoni, wanaosukuma chukudu, vijana wa pikipiki. Ukingo wa juu wa bampa ya pikapu ndefu unalingana na kifua cha mtu mzima na kichwa cha mtoto wa shule. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria maalumu juu ya vyuma vya mbele ya magari. Ilitaka vipimwe kwa kugongeshwa na mfano wa mguu wa mtu mzima na mfano wa kichwa cha mtoto. Sisi hatuna mashine hizo za kupimia, lakini macho tunayo. Bampa yenye pembe kali, yenye ncha za bomba zilizo wazi, au yenye vyuma vilivyochomoza mbele, usiifunge. Kila ncha ifunikwe, kila kona iviringishwe.

UZITO

Kabla ya kulipa, uliza kilo. Fundi akisema hajui, pima mwenyewe kwa utepe. Sahani ya chuma ya mita moja kwa mita moja, yenye unene wa milimeta 1, ina uzito wa kilo 7.85. Basi ya milimeta 4 ina kilo 31, na ya milimeta 10 ina kilo 78. Milimeta 4 inatosha kwa kazi zetu, sehemu za kufungia bolti zikiongezwa unene. Nimeona bampa za milimeta 10, nami sijui mwenyewe alikuwa anajiandaa kugonga nini.

Kumbukeni kwamba uzito huo hukaa mbele ya magurudumu, wala si juu yake. Gunia lililofungwa nyuma kabisa ya baiskeli hunyanyua gurudumu la mbele. Bampa hufanya vivyo hivyo, ila kwa upande wa nyuma. Chukua Land Cruiser ya pikapu yenye mita 3.18 kati ya ekseli mbili. Weka bampa na winchi, jumla kilo 100, sentimeta 90 mbele ya ekseli ya mbele. Ekseli hiyo itabeba kilo 128 zaidi, na ile ya nyuma itapungukiwa kilo 28. Pikapu tupu ikiteremka kutoka Butembo kwenda Beni, na barabara ni utelezi, kilo 28 hizo utazitafuta utakapokanyaga breki. Springi za mbele nazo zitalala, na taa zitabadili mahali zinapomulika. Baada ya kufunga bampa, rekebisha taa, na uangalie springi.

BOLTI NA SHASI

Bampa ifungwe kwenye shasi, yaani ile mihimili miwili mirefu inayobeba gari zima. Isifungwe kwenye bati la mwili wa gari. Tumia matundu yote yaliyotoka kiwandani, si mawili kati ya manne. Ikibidi kutoboa tundu jipya, toboa kwa keekee. Tundu lililokatwa kwa moto wa gesi lina kingo zilizoungua, na ufa huanzia hapo hapo. Kama mhimili ni wa sanduku lenye uwazi ndani, pitisha kipande cha bomba nene ndani yake, bolti ipite katikati ya bomba hilo. Bila hivyo, unapokaza unauminya mhimili wenyewe, na kesho bolti imelegea.

Bolti za sokoni zinafanana zote kwa rangi, lakini hazifanani kwa nguvu. Tazama kichwa chake. Bolti ya milimeta 12 iliyoandikwa 8.8 huhimili mvuto wa karibu tani 5 bila kurefuka. Ya aina dhaifu ya 4.6, yenye unene ule ule, haifiki tani 2. Isiyoandikwa kitu ihesabu kuwa dhaifu. Kwa 8.8 ya milimeta 12 nguvu ya kukaza ni nyutoni-mita 80 hivi. Kama huna spana ya kupimia, ni sawa na uzito wa kilo 16 unaoning'inia mwisho wa spana ya nusu mita. Weka washa nene pande zote mbili.

Mafundi wengine husema bolti ni kazi bure, tuchomelee bampa moja kwa moja kwenye shasi. Kataa. Joto hubadili chuma cha shasi kando ya mshono, nacho hukatika hapo baada ya miezi ya kutikiswa. Ikiwa kuna kingine cha kuchomelea karibu na gari, ondoa kwanza nyaya za betri, ili umeme usiharibu altaneta na vifaa vingine.

MOSHI MWEUPE

Hapa nataka mafundi wa kuchomelea wanisikilize vizuri. Bampa nyingi za huku hutengenezwa kwa mabomba ya maji. Bomba la maji linalong'aa kijivu kama bati jipya limepakwa zinki. Zinki huchemka kwenye joto la nyuzi 907, na chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Basi kabla chuma hakijayeyuka, zinki imekwisha kuwa moshi mweupe, na moshi huo unauvuta wewe.

Siku hiyo huhisi kitu. Saa nne hadi kumi baadaye, mara nyingi usiku, unatetemeka kwa baridi, mwili unauma, kiu ni kali, na mdomoni pana ladha kama ya sarafu. Mke wako atasema ni malaria. Kwa kawaida homa hiyo huisha yenyewe kwa siku moja au mbili, na ndiyo maana wengi wamekunywa dawa za malaria na kusadiki kwamba dawa ndizo zilizowaponya. Mwili huizoea zinki katikati ya juma, na husahau siku ya mapumziko. Basi Jumatatu homa inarudi.

Lakini usijipimie mwenyewe nyumbani. Malaria ipo kweli, na Beni na Butembo zilikuwa katikati ya mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020. Homa huku haifichwi. Nenda kituo cha afya, upimwe, na umwambie muuguzi: "Jana nilichomelea bomba la zinki." Neno hilo moja litamsaidia sana. Ukishindwa kupumua vizuri, nenda mara hiyo hiyo.

Kinga ni rahisi. Nunua bomba jeusi lisilo na zinki. Kama halipo, saga zinki iishe sentimeta 5 kila upande wa mshono, huku umevaa miwani na barakoa ya vumbi. Chomelea nje, upepo ukitoka ubavuni, wala usiinamishe kichwa juu ya moshi. Kitambaa puani hakizuii moshi huo. Maziwa nayo hayauondoi mapafuni. Ni chakula kizuri, basi.

KUFUNGA

Bampa ya kilo 60 haishikwi na mtu mmoja aliyelala chini ya gari. Muwe wawili au watatu, na viatu vya usalama. Weka magogo nyuma ya magurudumu, na bampa ikae juu ya jeki wakati bolti zinaingizwa kwa mkono. Usikaze hata moja mpaka zote zimeingia. Acha nafasi ya sentimeta 2 kati ya bampa na mwili wa gari, kwa kuwa mwili hukaa juu ya mipira na huchezacheza. Hakikisha winchi haizibi hewa ya rejeta. Kutoka Beni kupanda Butembo ni zaidi ya mita 500 kwenda juu, na injini itachemka. Taa na sahani ya namba zionekane.

Kuvuta gari lililokwama si kazi ya bomba la juu la bampa. Fungeni kamba kwenye ndoano iliyoshikwa na shasi, na watu wote wakae mbali na kamba, kwa urefu wa kamba yenyewe au zaidi.

Kisha nenda Beni na urudi, kama kilometa 54 kila upande. Ukifika, kabla ya kuosha gari, chukua spana ukaze bolti zote tena. Piga mstari wa rangi juu ya kila nati na chuma kilicho chini yake. Kila asubuhi, unapoangalia oili na maji, angalia na mistari hiyo. Ukiona mmoja umevunjika, nati imezunguka: gari lisitoke mpaka imekazwa.