Somo la Leo: Mpira wa Grambling

Fungueni madaftari, lakini kalamu ziwekeni chini kwanza. Leo tunakwenda mbali, mpaka jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani.

Mpira tutakaousema si huu wetu wa miguu. Wamarekani wana wao, uliochongoka ncha mbili, nao hukimbia nao mikononi. Kila upande una watu 11. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakishindwa, wenzao huuchukua. Ni mchezo wa kuangushana, ndiyo maana huvaa kofia ngumu.

Basi, huko Louisiana wakulima weusi walianzisha shule mwaka 1901, mahali paitwapo Grambling, kwa maana shule za Wazungu hazikuwapokea watoto wao. Mwaka 1941 shule hiyo ilimwajiri kijana wa miaka 22, Eddie Robinson, awe mwalimu wa mpira. Kabla ya hapo alifanya kazi katika kinu cha chakula cha mifugo, kwa senti 25 kila saa.

Msifikiri alisimama akipiga filimbi tu! Alikata majani ya kiwanja, akapiga mistari ya chokaa, akawafunga wachezaji vitambaa miguuni. Waliposafiri, mahoteli ya Wazungu hayakuwauzia chakula. Kwa hiyo alitengeneza mikate yenye nyama ndani, wakala njiani.

Mwaka wa kwanza walishinda michezo 3, wakashindwa 5. Mwaka 1942 walishinda yote 9, wala hakuna timu iliyopata pointi kwao. Hata moja.

Mwaka 1949 Paul Younger wa Grambling alichukuliwa na Los Angeles Rams, timu ya watu wachezao kwa mshahara. Hakuna mtu wa chuo cha weusi aliyeingia ligi ile kubwa kabla yake. Akishindwa yeye, nani angewaita wengine? Hakushindwa. Wanafunzi zaidi ya 200 wa Bwana Robinson walifuata njia hiyo.

Kisha likaja jambo la ajabu. Vyuo vikubwa vya Wazungu vya kusini vilipoanza kupokea wachezaji weusi, miaka ya 1960 na 1970, vijana hodari wakapata mahali pengine pa kwenda. Ilikuwa haki yao, lakini Grambling ndiyo iliyopungukiwa. Mwaka 1996, na tena 1997, mzee Robinson alishinda michezo 3 tu, akashindwa 8. Ndipo akastaafu. Aliyeshika nafasi yake, mwaka 1998, ni mwanafunzi wake mwenyewe, Doug Williams.

Sasa shikeni kalamu. Katika kazi yake yote Bwana Robinson alishinda michezo 408, akashindwa 165, akatoka sare 15. Jumla ni michezo mingapi? Andikeni jibu kwa tarakimu, halafu kwa maneno. Mwalimu wenu atasahihisha.