Kuku mmoja, marafiki wawili

Mzazi, ni lini mara ya mwisho ulikaa na rafiki yako mkala bila haraka? Wakorea wana mlo unaofaa sana kwa hilo: kuku wa kukaanga.

Katika migahawa ya Seoul, kuku mzima huletwa mezani akiwa vipande, wa kuliwa na watu wawili au zaidi. Hukaangwa mara mbili: kwanza aive ndani, huachwa apoe kidogo, kisha hurudishwa kwenye mafuta ngozi ikauke. Ndiyo maana halegei upesi hata maongezi yakinoga. Mmoja akiogopa pilipili, wanaagiza nusu kwa nusu: nusu mkavu, nusu amepakwa mchuzi mtamu wa pilipili. Pembeni huwekwa figili nyeupe za siki za kukata mafuta.

Baada ya msukosuko wa uchumi wa 1997, wengi waliopoteza kazi huko walifungua maduka ya kuku ili wapate kulisha familia.

Basi wikiendi hii mpigie rafiki yako. Watoto nao hujifunza kutunza urafiki wakikuona wewe ukiutunza.