Kwa nini ORS ina chumvi na sukari pamoja?

Mtoto akiharisha, iwe Mbinga mjini au Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, mzazi huambiwa ampe ORS. Kwa nini maji matupu hayatoshi?

Seli za utumbo mwembamba zimefunikwa na utando wa mafuta usioruhusu chumvi wala sukari kupita ovyo. Ndani ya utando huo zimo protini zinazofanya kazi kama milango. Mmoja, uitwao SGLT1, huvusha sodiamu ya chumvi na glukosi ya sukari kwa pamoja: sodiamu 2 kwa glukosi 1. Zikishaingia, maji hufuata.

Kipindupindu huzifanya seli zimwage maji na chumvi kwa wingi, lakini mlango huu huendelea kufanya kazi. Ndiyo maana ORS huokoa maisha, ingawa haikatishi kuhara papo hapo.

Changanya pakiti na maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa. Usiongeze sukari, ikizidi huvuta maji kurudi utumboni na kuhara huongezeka. Mtoto akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunywa, mwahishe kituo cha afya.