Taya Likivimba Kisesa

Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kupita zote zinazompata binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Mtoto aliyeanza kwa kulalamikia jino anaweza, wiki chache tu baadaye, kuwa na shavu lililojaa na jicho linalosukumwa nje. Na ugonjwa huu ni wa kwetu, wa ukanda wa Ziwa Viktoria. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958, kisha akasambaza picha za watoto wenye uvimbe wa taya kwa hospitali za serikali na za misheni akiuliza nani amewaona wengine. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari maili zipatazo 10,000, Afrika Mashariki hadi Kusini, wakiuliza swali hilohilo. Ramani ikajichora yenyewe: uvimbe ulikaa palipo na joto, mvua na malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda. Karibu kila mtoto wa huku hukipata kirusi hicho akiwa mdogo. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayokiongezea nguvu ya kuleta saratani.

Tiba ipo, maana kinachokua kwa kasi hiyo huyeyuka haraka kikipigwa kemo, yaani tibakemikali. Hata hivyo, katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Shirika la Afya Duniani lilijiwekea lengo mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona, na Burkitt ni mojawapo ya saratani sita zilizotangulizwa. Dawa na fedha ni sehemu ya pengo hilo. Sehemu nyingine, ambayo haizungumzwi vya kutosha, imo katika makabidhiano: pale kada moja inapomwachia nyingine mtoto.

Fikiria nani anaiona taya hiyo kwanza pale Kisesa, kata ya Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Si daktari bingwa wa saratani. Ni muuzaji wa duka la dawa muhimu, tabibu wa zahanati, muuguzi wa kituo cha afya, mhudumu wa meno, mganga wa tiba asili. Muuzaji wa dawa atatoa antibayotiki, tabibu atapima malaria na kutoa mseto kwa kuwa kipimo kimesema ipo, mhudumu wa meno atang'oa jino kwa kuwa kweli linalegea. Kila mmoja amefanya alichofundishwa. Uvimbe nao umeendelea na hesabu zake.

Hapo ndipo mafunzo ya pamoja ya kada mbalimbali yanapoingia. Shirika la Afya Duniani liliyaeleza mwaka 2010 kuwa ni pale watu wa taaluma mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Kukaa ukumbini kusikiliza mada, kunywa chai na kusaini karatasi ya posho hakumo katika maelezo hayo, ingawa ripoti za miradi huandika vinginevyo.

Chukua dawa mbili ambazo mtoto wa Burkitt huweza kuandikiwa siku moja: vinkristini na methotreksati. Ya kwanza huingia kwenye mshipa wa damu. Ya pili huweza kuchomwa kwenye majimaji ya uti wa mgongo. Vinkristini ikiingizwa mgongoni kwa makosa, mtoto karibu hakika atakufa, na ajali hiyo imetokea katika hospitali kubwa za nchi tajiri. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari na kushauri vinkristini ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, kwa sababu hakuna atakayejaribu kuchoma mfuko mzima mgongoni. Uamuzi huo ni wa mfamasia. Lakini daktari asiyejua kwa nini mfamasia amemletea mfuko atalalamika kuwa anacheleweshwa, na muuguzi aliyezoea kunyamaza mbele ya daktari hatauliza, hata akiona bomba liko mahali pasipo pake. Mihadhara ya famakolojia haimfundishi mtu kusema "subiri kwanza". Anajifunza kwa kulisema mbele ya daktari halisi, kwenye zoezi ambalo hakuna anayeumia.

Usiku wa kemo ya kwanza nao una mtego wake. Seli zinakufa kwa wingi kwa pamoja na kumwaga potasiamu, fosfati na asidi ya yuriki kwenye damu. Figo zinaweza kuziba na moyo kusimama. Mtoto huanza kupewa maji mengi na alopurinoli kabla ya kemo yenyewe. Mfamasia ahakikishe dripu haijaongezwa potasiamu, maabara ipige simu ikiona kiwango kimepanda badala ya kusubiri karatasi ichukuliwe asubuhi, muuguzi apime mkojo. Usiku, wodi ikiwa imejaa, mara nyingi anayepima mkojo huo ni mama, na kama hakuna aliyemweleza kwa nini, atamwaga chombo akidhani anasaidia usafi. Kwa hiyo kwenye zoezi ningempa daktari nafasi ya mama. Inatosha kuwa na mwanasesere, mabomba matupu na nusu saa kabla ya kukabidhi zamu. Pale Bugando, hospitali ya rufaa jijini Mwanza, udaktari, uuguzi, famasi na maabara vinafundishwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi (CUHAS), kando ya hospitali yenyewe. Sioni sababu ya wanafunzi hao kukutana kwa mara ya kwanza kitandani kwa mgonjwa.

Lakini timu haiishii kwenye kilima cha Bugando, na Kisesa yenyewe inatufundisha hilo. Kata hii ya Magu imefuatiliwa na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mwanza tangu 1994, kaya kwa kaya. Dawa za VVU zilipoanza kutolewa bure nchini katikati ya miaka ya 2000, watu wa Kisesa walipewa rufaa kwenda Bugando, kilomita kama 20 tu. Waliohojiwa walitaja nauli, chakula, hofu ya kuonekana, na hospitali kubwa wasiyojua waanzie mlango upi. Mzazi wa mtoto mwenye saratani anaenda njia hiyohiyo, tena mara nyingi zaidi, na uvimbe ukishanywea baada ya dozi ya kwanza, nauli ya dozi ya pili huonekana kama anasa. Ofisa ustawi wa jamii akikaa kwenye mafunzo haya tangu siku ya kwanza, daktari atajua kuwa ratiba ya kemo inapangwa pia na siku ya mnada.

Kisha mtoto anarudi nyumbani, na siku ya kumi anapata homa. Kemo imemaliza chembe nyeupe za damu; homa ya nyuzi 38 kwake ni dharura, na antibayotiki ya mshipani inatakiwa ndani ya saa moja. Zahanati isiyojua hili itapima malaria. Kipimo kikionyesha malaria ipo, atapewa mseto na kurudishwa nyumbani, na huenda akafa kwa bakteria usiku huohuo. Karatasi moja kutoka wodini inatosha kuanzia: jina la dawa alizopewa, tarehe, neno "homa ni dharura", dozi ya kwanza ya antibayotiki ya kumpa kabla ya gari kufika, na simu inayopokelewa saa nane za usiku. Karatasi hiyo iandikwe na muuguzi wa wodi na tabibu wa kituo wakiwa meza moja, maana wa wodini hajui stoo ya kituo ina nini. Na wote wa zamu waifanyie zoezi, si yule mmoja aliyechaguliwa kwenda semina, kwa sababu huyo ndiye huhamishwa kwanza.