Msanii, linda mwili wako ili sanaa yako idumu

Watu wengi hudhani kwamba kinachomfanya mchoraji aache kazi yake ni ukosefu wa wanunuzi. Hiyo ni kweli, lakini si sababu pekee. Wako wanaoacha kwa ajili ya kifua, ngozi au maumivu ya kichwa yasiyokwisha, bila kujua kwamba chanzo ni vifaa vya kazi yenyewe.

Jambo hili si geni. Mnamo mwaka wa 1700, daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Miongoni mwao aliwataja wachoraji, akieleza kwamba risasi na madini mengine yaliyomo katika rangi ndiyo yaliyowadhuru.

Je, sumu hiyo huingiaje mwilini? Njia ni tatu: pua, mdomo na ngozi.

Tapentaini hutoa mvuke unaopita mapafuni hadi kwenye damu na ubongo. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Ukiona dalili hizo zikikujia siku za kazi na kukuachia siku za mapumziko, shuku mvuke huo. Kufunga chupa pekee hakutoshi, kwani picha mbichi huendelea kuutoa. Kwa hivyo, usilale katika chumba unamochorea. Ikiwa una chumba kimoja tu, tumia rangi zinazochanganywa na maji, kama vile akriliki. Fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite, na usiwashe stovu karibu na tapentaini.

Rangi nyeupe ya risasi, pamoja na nyekundu na manjano zenye kadimi, huwa hatari zaidi zikigeuka vumbi. Usizipige msasa zikiwa kavu, wala usizinyunyizie kwa bomba. Usinyooshe ncha ya brashi kwa midomo, na usile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa. Watoto na mama wajawazito wasikaribie mahali hapo, kwa maana risasi hudhuru ubongo wa mtoto.

Aidha, usioshe mikono kwa tapentaini au mafuta ya taa. Hivyo huondoa mafuta asilia ya ngozi na kuifanya ipasuke. Jipake mafuta ya kupikia, ujipanguse kwa kitambaa, kisha unawe kwa sabuni.

Wachongaji wanaochomelea vyuma nao wajihadhari. Moshi wa zinki iliyopakwa kwenye mabati huleta homa na kutetemeka saa kadhaa baadaye, na ni rahisi kudhani ni malaria. Pimwa malaria kama kawaida, lakini usisahau kumweleza daktari kwamba ulikuwa ukichomelea. Chomelea nje, ukiwa umekwangua zinki hiyo kwanza. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wala moshi huu.

Kila uendapo hospitalini, taja kazi yako na rangi unazotumia. Kiasi cha risasi mwilini hupimwa kwa damu, lakini daktari asipojua kazi yako huenda asifikirie kipimo hicho.

Huenda ukauliza: nikibadilisha vifaa, je, sanaa yangu haitapotea? Mfano mzuri ni Henri Matisse wa Ufaransa. Baada ya kufanyiwa upasuaji mkubwa mwaka wa 1941, hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu mbele ya picha. Alichukua mkasi, akawa anakata karatasi ambazo wasaidizi wake walizipaka rangi za maji. Aliendelea hivyo karibu hadi kifo chake mwaka wa 1954, na kazi hizo ni miongoni mwa zile zinazosifiwa sana.

Brashi ikichakaa utanunua nyingine. Mapafu hayauzwi dukani. Anza leo kwa kufungua dirisha.